Maongezi ya Mama: Kanda za Remmy, Tuzitupe au Tuzisikilize?

 Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika ukurasa huu, yaani nyimbo za marehemu Remmy Ongala, yule aliyeitwa Dokta. Tunawaomba msigeuze ukurasa. Jambo lenyewe limeletwa na mama mwenzetu wa Kijenge, hapa Arusha, na tunaamini linagusa nyumba nyingi zaidi ya nyumba yake.

Mama huyo aliuliza hivi mbele ya wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa: "Mume wangu ana sanduku la kanda za zamani, na nyingi ni za Remmy. Linakaa juu ya kabati, limejaa vumbi, redio kaseti yenyewe ilishakufa siku nyingi. Remmy mwenyewe aliokoka akaacha muziki wa dansi. Kama mwenye nyimbo aliziacha, sisi tunazitunza za nini? Nizitupe au vipi?"

Swali lilikuwa fupi, lakini majibu yalimaliza alasiri nzima, yakaendelea Jumamosi mbili zilizofuata. Akina mama wa Kijenge ya Juu na Kijenge ya Chini waligawanyika. Wako waliosema zichomwe zote. Wengine walitaka zichambuliwe kama mchele, na wengine walisema hawaoni kosa hata moja. Ilionekana wazi kwamba karibu kila mmoja alizijua nyimbo hizo kwa majina, hata wale waliosema hawajawahi kuzisikiliza! Tuliwasikiliza, tukaona mazungumzo yao yana faida kwetu sote.

Remmy alikuwa nani?

Kwa ajili ya akina mama vijana, tuanze na historia fupi. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki ya Kongo, na akawa yatima angali kijana. Muziki ndio uliompatia riziki. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila, na huko ndiko jina lake lilikokua.

Mwaka 1988 alianza kwenda Ulaya na bendi yake katika maonyesho ya WOMAD, na mwaka huohuo ikatolewa huko albamu ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 alirekodi nyingine Uingereza katika studio za Real World, na mwaka 1992 ikafuata ile iliyoitwa Mambo. Miaka ya 2000 alipatwa na kiharusi. Baada ya hapo aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili mpaka alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Mpaka leo ukipanda daladala Dar es Salaam utasikia kondakta akiita kituo cha "Sinza kwa Remmy". Si kila mwanamuziki huachiwa kituo cha basi.

Walipokubaliana: nyimbo za msiba na za mnyonge

Katika ubishi wote ule, jambo moja halikuwa na mpinzani. Hata waliotaka kanda zichomwe walikubali kwamba Remmy alijua kuimba habari za kifo. Wimbo wake wa kwanza alipojiunga na Makassy ulikuwa Siku ya Kufa, alioutunga kwa kumlilia rafiki yake. Baadaye akaimba Kifo, na wimbo huo wengi wetu tuliusikia kabla hatujajua umeimbwa na nani.

Mama mmoja, mpishi mkuu wa misiba yote mtaani kwake, alisema: "Mimi nimechochea moto wa vyungu vya msiba miaka thelathini. Nimesikia mahubiri mengi mazuri makaburini. Lakini wimbo wa Remmy ulikuwa unaniingia, kwa sababu alikuwa kama anazungumza na kifo chenyewe, anakiuliza maswali tunayoogopa kuuliza."

Mwenzake alimpinga. Alisema haifai wimbo wa kifo kupigwa baa, watu wana chupa mkononi na wanacheza. Kifo ni jambo la kunyamaza. Bibi mmoja mwenye wajukuu akamjibu kwa upole: "Mwanangu, aliyeko kanisani amekwisha kukumbushwa. Nani atamkumbusha yule aliyeko baa?" Hakuna aliyeongeza neno.

Vilevile zilisifiwa nyimbo kama Sauti ya Mnyonge na Mnyonge Hana Haki. Majina yake yanajieleza. Mama muuza ndizi, anayedamka alfajiri kufuata mzigo Tengeru, alisema yeye hahitaji kufafanuliwa wimbo wa namna hiyo. Akifukuzwa pembeni mwa barabara na beseni lake, anajua unamhusu nani. Wapenzi wa Remmy walisema ukubwa wake ulikuwa hapo. Wanamuziki wengi waliimba mapenzi, yeye akamwimbia mtu anayepanda kifodi akiwa amesimama, asiye na mjomba serikalini.

Mama aliyelilia mwana

Kisha ukatajwa Nalilia Mwana, na mazungumzo yakabadilika sauti. Huo ni wimbo wa kilio cha mtu anayetamani mtoto asimpate. Mama mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana kikundini aliomba nafasi. Alikaa miaka tisa katika ndoa kabla ya kupata mtoto wake wa kwanza.

"Miaka ile," alisema, "kanisani nilisikia shukrani za waliopata watoto kila Jumapili. Ni vizuri, Mungu ashukuriwe. Lakini sikusikia hata siku moja mtu akisimama kuomba kwa niaba yangu mimi niliyekosa. Mawifi walikuwa wananihesabia miezi. Siku moja nafua nguo, redio ya jirani ikapiga wimbo ule. Nilikaa chini kwenye beseni nikalia. Ndiyo siku ya kwanza nilijua kwamba mtu mwingine anaijua hali hii. Sasa mkiniambia ni wimbo wa shetani mimi siwaelewi."

Akina mama, tulikumbuka habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Hana naye alililia mwana. Aliomba kwa uchungu hekaluni, midomo ikicheza bila sauti kutoka, na kuhani Eli alimdhania amelewa. Kuhani mzima, mtu wa Mungu, alitazama machozi ya mama akaona ulevi! Tusije nasi tukafanya vivyo hivyo. Kilio hakiachi kuwa kilio kwa sababu kimeambatana na gitaa.

Zilizopungua uzito

Tusije tukasifu tu, maana hata wanaompenda Remmy walikiri kwamba si kila alichoimba kilikuwa dhahabu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye marehemu mume wake alinunua kila kanda ya Super Matimila iliyomfikia, alisema kwa maoni yake albamu ya Mambo ya mwaka 1992 ndiyo ilipopungua. Katika albamu hiyo zimo nyimbo alizoimba kwa Kiingereza, kama ule wa One World. "Alikuwa anawatafuta Wazungu wamwelewe," alisema mwalimu, "nasi tuliomwelewa tangu zamani tukabaki tunasubiri. Kiswahili chake kilikuwa na pilipili. Kiingereza chake kilikuwa na maji."

Wengine walimtetea. Mtu mwenye bendi ana watu wa kulisha. Akiitwa Ulaya aende na bidhaa inayonunulika huko. Je, sisi tukipeleka vitenge na shanga zetu kwa watalii pale mjini, hatupindi kidogo mapambo ili wavutiwe? Hoja hiyo ilichekesha watu, lakini ina ukweli.

Zililaumiwa pia nyimbo za kusifu viongozi. Remmy aliwahi kumwimbia Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na huku kwetu kaskazini wimbo huo ulipendwa sana. Miaka si mingi baadaye, mwaka 1995, Mrema alikihama chama chake akagombea urais kwa chama kingine, na wimbo ukabaki kama picha ya harusi ya watu walioachana. Nyimbo za sifa za wanadamu huzeeka haraka. Zile za mnyonge hazikuzeeka, kwa sababu mnyonge yupo mpaka leo.

Nazo nyimbo za mapenzi? Hapo palikuwa na vicheko zaidi kuliko hoja. Kipenda Roho ulitajwa na mama watatu kwa mpigo, na mmoja wao akaficha uso kwa kanga. Hatukumwuliza sababu.

Wimbo wa soksi

Ubishi mkali ulihusu wimbo mmoja tu, Mambo kwa Soksi. Kwa wasioujua, soksi aliyoisema si ile ya kuvaa mguuni. Alikuwa anawaambia wanaume watumie kondomu, kwa sababu ukimwi ulikuwa unaua watu.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wimbo huu ulipotoka, miaka ya 1990 ikianza, ugonjwa ulikwisha kufika kila mkoa na dawa hazikuwepo. Redio ya nchini huku Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania, na ilikataa kuupiga wimbo huo. Redio za watu binafsi zilikuwa bado hazijaanza. Kwa hiyo uliyetaka kuusikia uliusikia dansini au kwenye kanda, na wengi waliununua kwa sababu tu ulikuwa umekatazwa.

Mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa, alisema bila kupepesa macho: "Ule ndio wimbo wake wa chini kuliko zote. Aliwafundisha vijana kwamba dhambi ina dawa dukani. Watoto wangu walikuwa wadogo, wanauimba barabarani bila kujua maana, nami naona aibu kuwaeleza."

Muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi wodini miaka hiyo, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Dada yangu, naheshimu maneno yako. Lakini mimi nilikuwa nawafunika shuka. Vijana, baba, mama wa ndoa waliotulia nyumbani kwao. Ndugu walikuwa wananiomba niandike homa ya mapafu au kifua kikuu. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Sauti ya kwanza niliyoisikia ikilisema jambo hilo wazi, kwa lugha ya watu, ilikuwa ya yule mtu mwenye rasta. Sisemi alisema yote. Nasema alisema."

Sisi tunaonaje? Kanisa lilifundisha uaminifu katika ndoa na linaendelea kufundisha hivyo, nasi tunaamini hakuna kinga inayoushinda uaminifu wa mume na mke. Lakini tusijidanganye. Walikuwepo akina mama wengi waaminifu waliozikwa kwa sababu ya safari za waume zao. Kwa mama wa namna hiyo, fundisho la uaminifu alikuwa ameshalishika upande wake. Kilichomponza ni ukimya. Kwa hiyo hata asiyekubali dawa aliyoitaja Remmy, amshukuru kwa kuutaja ugonjwa. Aibu ya kumweleza mtoto maana ya wimbo ni ndogo kuliko aibu ya kumzika bila kumweleza.

Nyimbo za Injili: kilele au machweo?

Jumamosi ya tatu walifika kwenye nyimbo zake za mwisho. Hapa mama aliyeuliza swali alikuwa na hoja nzito: mwenyewe aliacha. Na si yeye peke yake. Cosmas Chidumule, aliyeng'ara na Mlimani Park, naye aliacha dansi akaimba Injili. Je, hao hawakutuonyesha kwamba ya nyuma hayafai?

Wako waliosema nyimbo za Injili za Remmy ndizo kilele chake, kwa sababu zilitoka kwa mtu aliyekwisha kuonja ugonjwa, mwili umedhoofu, na bado anasifu. Mama mmoja mwimbaji wa kwaya alisema wimbo wa mgonjwa anayemshukuru Mungu una uzito kuliko wa mzima kumi. Wengine, nao ni waumini vilevile, walisema kweli ushuhuda ni mzuri, lakini kwa utunzi nyimbo zile hazifikii za zamani. Sauti ilikuwa imechoka, na yale maswali yake makali hayakuwepo tena. Mwalimu mstaafu alimaliza kwa maneno haya: "Roho yake ilipanda, utunzi wake ukashuka. Mambo hayo mawili hayagombani."

Tumelitafakari neno hilo. Mara nyingi tunadhani kwamba mtu akigeuka katika maisha, basi miaka yake yote ya nyuma ilikuwa takataka. Lakini tazama alichoimba kabla na baada. Aliyeimba habari za kifo mwaka 1978 na aliyeimba habari za Mungu baada ya kiharusi ni mtu yuleyule, anauliza swali lilelile: tukifa tunakwenda wapi, na mnyonge atapata haki yake kwa nani? Ujana wake ulikuwa na swali, uzee wake ukawa na jibu. Ukichoma swali, jibu nalo linabaki halieleweki.

Hata Zaburi tunazoziimba kanisani si za shangwe tupu. Zimo za kulalamika, zimo za mtu aliyeona kwamba Mungu amemficha uso, zimo za hasira ambazo tukizisoma kwa sauti tunaona haya. Waliozikusanya hawakuzitoa. Waliziacha zikae pamoja, ya kilio karibu na ya sifa. Hatusemi nyimbo za Remmy ni Zaburi, la hasha. Tunasema tu kwamba maisha ya mtu husomwa yote, na mke aliyekaa na mume miaka ishirini anajua maana ya maneno hayo.

Sanduku lilifunguliwa

Sasa turudi kwa sanduku la juu ya kabati. Kikundi kilimshauri mama huyo jambo moja kabla ya mengine yote: asitupe mali ya mumewe bila kumwuliza. Alikubali, ingawa hakufurahi sana. Tunasimulia yaliyofuata kwa ruhusa yake na ya mumewe, bila majina.

Alimwambia mumewe jioni moja, baada ya chakula, kwamba anataka wazichambue kanda pamoja. Mume alishangaa. Walichukua kanda kumi na moja wakampelekea fundi wa redio pale Kijenge. Tatu zilikuwa zimeota ukungu hazifai tena. Nyingine utepe ulikuwa umelegea, fundi akaukaza kwa penseli, kama tulivyofanya sote enzi zile. Zilizosalimika alizihamishia kwenye flashi.

Wakawa wanasikiliza moja moja. Mama alikuwa ameshaamua ya kwanza kuondoka itakuwa Mambo kwa Soksi. Mume akamwambia, "Hii hapana." Akanyamaza kidogo, kisha akamweleza. Kanda ile ilikuwa ya kaka yake. Kaka yake alikuwa anachimba Mererani, alikuwa na fedha na marafiki, akafariki mwaka 1993. Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa mama huyu aliambiwa shemeji yake alikufa kwa kifua. Usiku ule ndipo alipoambiwa ukweli, na akaambiwa pia kwamba baba mkwe alikataza jina la ugonjwa lisitajwe katika boma, na halikutajwa mpaka mzee naye akazikwa.

"Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuniambia," alisema mama huyu. "Akajibu kwamba hakujua aanzie wapi. Kumbe alikuwa anangoja mtu amwulize habari za kanda."

Sikilizeni sasa sehemu inayotuhusu sote. Mama na baba hawa wana kijana wa miaka 22, naye anakwenda Mererani kutafuta tanzanaiti kama baba yake mkubwa alivyokwenda. Hakuna aliyekuwa amezungumza naye. Mama alidhani ni kazi ya baba, baba alidhani mambo hayo siku hizi yanafundishwa shuleni, na shule aliimaliza zamani. Jumapili iliyofuata baba alimwita kijana, akampigia wimbo, akamweleza habari za kaka yake. Kijana alisikiliza. Mwisho akasema, "Baba, wimbo wenyewe ni wa kizamani, lakini nimekuelewa." Sisi tunaona hilo latosha.

Neno letu kwenu

Akina mama wapenzi, hatukuandika haya ili kila nyumba ianze kupiga muziki wa dansi. Kila mmoja ana dhamiri yake na nyumba yake. Ziko nyimbo ambazo hazistahili kukaa mahali penye watoto, za Remmy au za mwingine yeyote, na mama ana haki ya kusema hivyo. Lakini kabla ya kutupa, fanyeni mambo haya machache.

Kwanza, sikiliza maneno yenyewe. Wengi tunahukumu wimbo kwa mahali ulipopigwa au kwa nywele za mwimbaji. Kaa, sikiliza mwanzo mpaka mwisho, ndipo useme.

Pili, mwulize mwenye wimbo kwa nini anaupenda. Mume anayetunza kanda miaka thelathini anatunza kitu zaidi ya kanda. Mwulize kwa sauti ya kutaka kujua, usimwulize kama polisi. Huenda utasikia jambo ambalo hukulijua kwa miaka yote ya ndoa yenu.

Tatu, wasikilizeni watoto wenu vilevile. Arusha yetu ina vijana hodari wa kufokafoka. Tangu X Plastaz walipoanza mwaka 1996 na kuchanganya muziki huo na nyimbo za Kimaasai, mji huu haujakosa waimbaji wa namna hiyo. Sisi tunaona kelele. Wazazi wetu nao waliona kelele kwa Remmy. Katika kelele hizo huenda mtoto wako amepata maneno ya jambo linalomsumbua, na wewe unazima redio.

Nne, jambo la ukimwi lisemwe nyumbani kwa jina lake. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zinatolewa bure katika hospitali zetu, na anayezitumia vizuri anaishi, anafanya kazi na kulea watoto wake. Hakuna sababu tena ya kuandika "kifua". Kapimeni, mume na mke pamoja, na mtoto aliyefika umri aelezwe na mzazi kabla hajaelezwa na mtaa.

Je, wimbo gani wa Remmy ni bora kuliko zote? Kijenge hawajakubaliana, na hatudhani watakubaliana. Mpishi wa misiba anashikilia Kifo. Mama wa miaka tisa anashikilia Nalilia Mwana. Mwimbaji wa kwaya anashikilia zile za Injili. Na yule mama aliyetaka kutupa sanduku anasema bado haupendi wimbo wa soksi, hata kidogo, lakini ndio ule ambao hatauacha utupwe.

Maswali ya kuzungumza kikundini au nyumbani:

1. Je, kuna wimbo wa zamani ambao ulikukataza au ulikatazwa kuusikiliza? Leo ukiusikiliza unaonaje?

2. Katika ukoo wenu, kuna ugonjwa au kifo ambacho watoto wameambiwa kwa jina lisilo lake? Nani anafaa kuwaeleza ukweli, na lini?

3. Someni pamoja habari za Hana na kuhani Eli. Je, kuna mama katika kikundi chenu ambaye kilio chake mmekidhania kitu kingine?

Tuandikieni mliyoyazungumza. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia namna ya kuweka akiba ya ada za shule kidogo kidogo bila kuvunja amani ya nyumba. Mkae salama.